Shubiri Moja ya Mkia wa Nyota

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu kutoka Bondeni. Mamako hajambo, homa imemtoka.

Waniuliza nyota yenye mkia hupitaje karibu na jua isiungue. Sijui. Mwaka wa arubaini na nane, siku chache baada ya jua kupatwa, niliiona alfajiri imetoka ubavuni mwa jua. Nikanyoosha mkono, nikatanua vidole, nikaupima mkia: shubiri moja na vidole viwili.

Kaka yangu akacheka. "Kwa kiganja hicho cha kitoto?"

"Haya, pima wewe, bwana mkubwa!"

Akapima. Shubiri moja na vidole viwili. Kiganja chake kikubwa, lakini na mkono wake mrefu, kikawa mbali zaidi na jicho.

Mtaani akajisifu kapima yeye. Sijamsamehe.

Ikitokea nyingine, pima mwenyewe, na uandike jina lako.

Nyanyako