Pasi ya Pili

Bondeni, Mombasa
Jumapili, 10 Agosti 2025

Kwa dada yangu mpenzi Mutanu,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana aliyetuamsha salama leo, wewe huko Machakos na mimi huku Bondeni. Hujambo, na watoto hawajambo? Na baba yako je, baridi ya huko yamwendeaje? Nasikia mwezi huu kwenu watu huota moto mpaka saa nne asubuhi. Mimi sijambo, ila magoti, na magoti ni ya umri, si ya kulalamikia. Binti yangu Ketty bado yuko Doha, hunipigia simu siku za Ijumaa. Nakaa chumba kimoja, lakini chumba kimoja nacho huwa kikubwa mtu akiwa peke yake.

Ujumbe wako niliupata, na wa ndugu yako Ronny ukafuata. Mwasema kikao cha ukoo ni Jumamosi ijayo, na wakili anataka maandishi ya mtu aliyekaa na baba, aeleze jinsi alivyoanza kusahau, atie na sahihi. Kisha Ronny ashike mambo yake yote, na duka lake la udobi lirudishwe kwa mwenye nyumba. Nimeelewa. Nimefanya kazi kwake miaka kumi na tisa, hakuna mwingine wa kuulizwa. Lakini wanijua, shule yangu iliishia darasa la saba, lugha ya mawakili sina. Nitaandika kama nisemavyo, na nikizunguka uniwie radhi.

Baba yenu si msemaji. Lakini watu wawili wakisimama meza moja na pasi kutwa nzima, hatimaye husemezana. Aliniambia aliendesha ndege za jeshi miaka kumi na mitatu. Si zile za vita, alisema, ni zile nene za mizigo, punda wa angani. Alipeleka mahindi kaskazini wakati wa njaa, akitua kwenye vumbi tupu, na mpaka leo hukumbuka mwanamke mmoja aliyeligusa gurudumu la ndege kisha akaunusa mkono wake. Halafu ukaja mwaka wa themanini na mbili. Mapinduzi yaliposhindwa na jeshi la anga likavunjwa, alichukuliwa pamoja na wenziwe, akakaa ndani miezi saba, akatoka bila kesi na bila kazi. Nyinyi mliambiwa kastaafu. Sijui kama amewahi kukwambia kuwa kazi ya pasi alijifunzia huko ndani, akinyoosha magwanda ya maofisa.

Alipotoka, marafiki walivuka barabara wakimwona. Ndipo akapanda gari la moshi akaja Mombasa, mahali asipojulikana. Akahesabu magunia kwenye maghala ya Shimanzi miaka miwili, kisha akafungua udobi hapa Bondeni, meza moja na pasi ya makaa. Karibu miaka arobaini, dada! Kanzu za Ijumaa, sare za shule, shuka za nyumba za wageni. Mtaa mzima ukamwita Kapteni. Ngowa, mkaanga viazi karai pale mkabala, kila Alhamisi humpigia kelele, "Kapteni, leo twaruka hadi wapi?" Naye hujibu bila kuinua uso, "Hatwendi mbali, twafika Ijumaa tu." Ngowa akitaka naye achukuliwe, huambiwa, "Wewe hupandi, una mafuta mikononi, utanichafulia kanzu za watu."

Lakini ndege ikipita juu kwenda kutua, alikuwa akinyamaza. Aliinua pasi kutoka nguoni, akaishika vivyo hivyo hewani mpaka mlio uishe, kisha akaendelea. Sikumwona hata siku moja akitoka nje kutazama. Na Jumapili, watu wakiwa na watu wao, yeye alikwenda Feri, akavuka mpaka Likoni, akashuka, akapanda ile inayorudi. Nilimwuliza ana nani ng'ambo. Akasema hana mtu, anapenda tu kuwa njiani.

Sasa nifike kwenye kusahau.

Kila jioni tulifunga duka kwa orodha, kama walivyofanya kwenye ndege. Mmoja anasoma, mwingine anakwenda kuhakikisha. Dirisha? Limefungwa. Mfereji? Umefungwa. Pasi ya kwanza? Imechomolewa. Pasi ya pili? Imechomolewa. Na kutazama tu hakukutosha, ilikuwa lazima mkono wangu uguse kwanza ndipo nijibu. Siku ya kwanza nilicheka, nikamwambia, "Baba, hapa si angani, tukianguka twaanguka sakafuni." Hakucheka. Aliniambia mdomo hujua jibu kabla ya jicho, na kwamba ana wenziwe waliouawa na midomo yao. Hata mtoto wa jicho alipomwingia, karatasi asiione tena, orodha aliisoma kwa kichwa. Hakuruka hata kimoja. Hilo wakili aliandike.

Alhamisi ya mwisho ya Ramadhani, mwaka jana, kanzu za Idd zilijaa mpaka mlangoni. Saa tisa stima ikapotea. Tukakunja zilizokuwa tayari, tukangoja, stima hairudi na pasi zimepoa. Saa kumi na moja akasema tufunge, tutarudi alfajiri. Nami nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na mwalimu wetu, Nanjala, wiki iliyotangulia alinisema mbele ya watu kwa kuchelewa, kwamba nyumbani mwa Bwana mimi huja kwa saa za dobi. Basi nikasimama na mkoba begani. Baba akasoma, nikajibu. Nikaenda zangu, yeye akabaki kufunga mlango.

Mliyoambiwa ni kwamba stima iliporudi duka likawaka, kwamba pasi moja iliachwa kifudifudi juu ya blanketi la meza na swichi haikuzimwa, na kwamba aliyetoka wa mwisho ni mzee. Ni kweli yote. Ngowa na majirani walimwaga maji madumu kwa madumu, hakuna aliyeumia, lakini hata kanzu moja haikupona.

Asubuhi, tukisimama kwenye majivu, baba hakuniuliza mbele ya watu. Alinivuta kando, akaniuliza kwa upole kama mkono wangu uliigusa pasi ya pili. Nikasema uligusa. Akauliza tena, wala si kwa kunishuku. Nikasema, "Uligusa, Kapteni." Kisha akasema kuwa mimi nilipoondoka, yeye alirudi ndani kuchukua miwani. Akasema, "Basi ni mimi. Nimeiwasha, na sikumbuki."

Dada, haukugusa. Nilijibu nikiwa mlangoni, natazama saa. Na hiyo pasi ya pili ndiyo niliyokuwa nikiitumia mimi.

Kuanzia siku ile ndipo alipoanza hayo mnayoyaona. Anafunga mfereji, anarudi kuutazama mara tatu. Anauliza leo ni siku gani na hali anaijua. Alinipa funguo za nyumba yake, akasema mtu asiyejua mkono wake umefanya nini hafai kukaa peke yake, na ni yeye mwenyewe aliyekupigia uje umchukue. Mkadhani ni ugonjwa wa uzee. Ni mimi niliyemfanya asijiamini, kwa sababu aliniamini mimi.

Nimemwungamia Mungu mara nyingi, nikidhani yatosha. Lakini Mungu siye aliyeunguliwa na duka. Wiki iliyopita niliandika barua kama anavyoitaka Ronny, kurasa mbili, kwamba mzee alikuwa akisahau tangu zamani. Nikaiweka ndani ya Biblia, na tangu hapo sikuweza kuifungua Biblia ile mahali popote. Leo baada ya ibada nimeichana barua ile, nikaketi kuandika hii. Sahihi yangu ni ya hii.

Duka bado lipo, mwenye nyumba amelipaka chokaa na hajampa mtu. Baba akitaka kurudi, arudi. Akitaka kurudi na hataki kuniona, mimi nitahama mtaa, wala sitasema neno. Hapa najuana na watu wengi, lakini tangu aondoke sina mtu wa kunyamaza naye.

Wasalimie watoto wote, na Ronny mwambie simchukii, ameuliza linalopaswa kuulizwa. Ngowa anakusalimu, na nguo zake siku hizi huzinyoosha kwa kuzilalia. Barua hii kabla haijafika kwa wakili, keti na baba umsomee, maana macho yake hayawezi. Soma yote, usinilainishie. Akikasirika, usimtulize dada, wala usimwite daktari. Mwache akasirike. Hizo ni hasira za mtu mwenye akili zake.

Ni mimi niliyemkosea baba yako,

Mercy Kazungu