Nusu ya Pili ya Kiapo

Gurna, ng'ambo ya Luxor

Kwa kaka yangu Rifaat,

Salamu zangu zikukute umekaa kivulini, wewe na wenzako wa chumba kimoja, hata yule Msudani anayekoroma uliyetusimulia. Mgongo wako vipi? Mama anauliza kama ule mshipi wa pamba aliokushonea unaufunga ukiwa kazini au umeutia chini ya godoro. Sisi hapa wazima. Mbuzi amezaa pacha, mmoja ana doa usoni kama amepigwa chapa.

Najua utashangaa kupata barua badala ya kaseti. Kaseti, kaka, husikilizwa na nyumba nzima, na majirani wanaosimama dirishani, na Ami Bughdadi na kikombe chake cha chai. Nawe unanijua, mbele ya watu hata jina langu linanishinda. Barua hii nimempa Mahrus wa duka la mkate anayerudi huko Kuwait kazini, naye hajui kusoma.

Kwamba Bibi alifariki kesho yake baada ya wewe kuondoka, Mama amekwisha kukuambia. Asilokuambia ni kwamba mimi sikulia. Wanawake walijipaka udongo usoni, Mama alikaukiwa sauti, mimi nikawa nagawa kahawa. Shangazi alisema kwa sauti kwamba mtoto huyu ana jiwe mahali pa moyo. Nikamjazia kikombe. Mpaka leo ni hivyo, ganzi tupu. Nakwenda shule, navuka mto, narudi, nakula kama kuna chakula.

Nataka nikueleze habari ya jiwe la Bibi, lile la kijani lililochongwa umbo la dundu, mdudu wa samadi, lililokuwa likilala ndani ya mtungi wa unga, ambalo wanawake wasioshika mimba walikuja kuliruka mara saba. Unamkumbuka mke wa mwalimu, aliyeruka akapata wasichana wawili, na mpaka sasa hutuletea samli kila Idi.

Kabla hujaja likizo, Ami alimleta Bwana Delorme, Mfaransa mmoja anayekusanya hirizi walizozikwa nazo watu wa kale. Kwao ana chumba kizima cha hirizi hizo, kila moja na kisanduku chake na taa yake. Mkalimani nikawa mimi, kwa kuwa Kifaransa cha masista ninacho mimi peke yangu. Ami alianza kwa kumpa dundu alilolichonga mwenyewe, akammezesha bata mzinga ili litoke limechakaa kama la kale. Mfaransa alilinusa, akacheka, akauliza bata hajambo. Nikatafsiri. Ami hakucheka.

Ndipo Bibi akalitoa la kweli, si kwa kuuza, ni kwa kumkomesha Ami tu. Mfaransa alilishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Akasema jiwe kama lile lililazwa juu ya kifua cha maiti, na maandishi ya tumboni mwake yanausihi moyo: wewe moyo wangu, usisimame kunishuhudia vibaya siku ya hukumu. Nilitafsiri polepole. Bibi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, hebu ona, jambo kama hilo mtu si angeambiwa mapema! Wote wakacheka. Ami na Mfaransa wakapatana bei palepale mlangoni, na Bibi akawapigia kelele kutoka ndani kwamba hajafa bado, wasubiri foleni kama watu wa mkate.

Lakini usiku, siku zile ulipokuwa unalala darini, Bibi hakuwa anacheka. Aliniambia kwamba alipoolewa alikuwa mwembamba kuliko wanaume wote wa nyumba hii, kwa hiyo yeye ndiye aliyeteremshwa kwa kamba katika lile pango chini ya zizi. Aliwavua wafu vitu vyao kwa mkono wake. Dundu alilitoa kifuani kwa mwanamke ambaye nywele zake zilikuwa bado zimesukwa. Alisema Munkari na Nakiri, malaika wanaomhoji maiti kaburini, hawamtishi sana, majibu yao anayo tangu chuoni. Anayemwogopa ni yule mwanamke. Wakikutana, atamwambia nini?

Baada ya mazishi, wageni hawajaisha kuondoka, Ami alitia mkono katika mtungi mpaka kiwiko. Ukatoka mweupe, mtupu. Mfaransa anarudi baada ya Idi. Ami akasema chumbani kwa maiti walikuwamo watatu: Mama, mimi, na Bi Tafida muosha maiti. Mama ni Mama, mimi ni bubu, basi aliyebaki anajulikana. Bi Tafida huyuhuyu aliyemwosha na mama yake Mama, na wanawake wote wa kwetu. Ami alisimama nje ya msikiti akawaambia watu kwamba huyu akiosha maiti, anasafisha na nyumba. Maneno yale yakapendwa. Mama yake kinyozi alipofariki, walimwita muosha kutoka kijiji kingine, na Bi Tafida alikaa mlangoni pake akiangalia jeneza linapita. Watoto wanamwita mwizi wa unga.

Juma lililopita Ami alimpeleka kuapa uani kwa Sheikh Maabad. Mimi nilitumwa kupeleka chai. Bi Tafida aliweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba hakulichukua jiwe wala hana fungu ndani yake. Sauti haikutetemeka, na watu wakaanza kuvaa viatu. Ami akasema haitoshi, aongeze: wala sijui liliko.

Akanyamaza.

Aliangalia mkono wake pale juu ya msahafu mpaka chai ikapoa. Ami akajipiga paja, mmeona, mmeona wenyewe! Sheikh akampa muda mpaka arubaini ya Bibi: amalize kiapo au alete jiwe. Bi Tafida akachukua fimbo yake. Alipopita mbele yangu, kikombe kimoja kilikuwa kinateleza kwenye sinia. Akakirudisha mahali pake, bila kunitazama, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Ni mimi, kaka. Mama alikuwa ametoka kutafuta kafuri, Bi Tafida amekwenda kumwaga maji. Nilitia mkono mtungini, nikalifuta dundu unga kwa mkono wa gauni, nikaliweka juu ya kifua cha Bibi ndani ya sanda. Bi Tafida aliporudi kufunga, mkono wake ulisimama pale kifuani. Niliuona ukisimama. Nikajiambia ni uzee, anavuta pumzi. Kisha akafunga, akalikaza fundo mara mbili. Muosha hasemi aliyoyaona kwa maiti, hilo tunalijua wote. Sikujua kwamba hasemi hata anapotukanwa na watoto.

Dini inasemaje juu ya nililolifanya, najua, usinihubirie. Sikuwa nafikiri moyo wa Bibi utanyamazishwa na jiwe. Au labda nilifikiri. Zaidi niliwaza kwamba akikutana na yule mwanamke, asiwe mikono mitupu. Awe na cha kumrudishia.

Nikisema, Ami atalifukua. Ukoo wetu haujawahi kuogopa kaburi. Atalifungua kabla ya chai kupoa, na Mama atakuwa amesimama pale anaona. Nikinyamaza, Bi Tafida ama ataapa uongo kwa ajili yangu, ama atakufa mwizi. Na akifa, nani atakayekwenda kumwosha?

Ninachokuomba ni hiki. Sema ni wewe. Sema asubuhi ile ulipokuwa unafunga mkoba, Bibi alikutilia jiwe mkononi, ukaondoka nalo, huko likakupotea. Wataamini, kwa kuwa alikupenda kuliko wote. Ami atakulaani, atasema umekula nyumba ya baba yake, na harusini kwako hatasimama. Lakini Kuwait hawezi kuichimba. Najua nakuomba uongo, tena uongo wa jina lako. Ukikataa sitakulaumu. Arubaini ikifika bila kaseti yako, nitaweka sinia chini pale uani kwa Sheikh na nitasema mwenyewe, kwa sauti, liwalo na liwe.

Ule moyo ulioombwa usishuhudie alikuwa nao Bibi, na jiwe lake analo. Mimi jiwe la kuunyamazisha wangu sina. Ndiyo maana nimekuandikia.

Mama anakusalimu, bila kujua kwamba anakusalimu. Mbuzi mwenye doa nimempa jina lako. Mungu akulindie macho na mgongo wako, na akurudishe kwetu.

Mimi dada yako,
Inshirah

Nilisahau. Ukikubali, liseme mwanzo kabisa wa kaseti, kabla ya salamu. Ukifika kwenye salamu Mama huanza kulia, na hatusikii tena chochote.