'Ka' ya Pili

Ghorofa ya Nne, chumba cha mwisho,
Juu ya karakana ya makochi.
Jumamosi, 14 Juni, mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu tele, zimejaa pomoni kama ile ndoo ninayokatazwa kuinua. U mzima? Kile kikohozi kimekwisha? Na miguu je, maana kusimama kutwa kwenye kaunta si mchezo. Jioni ikande kwa maji ya moto yenye chumvi, usione uvivu.

Sisi huku hatujambo. Chiriku wangu anaongea mpaka usingizini, jina tulilompa limemkaa. Huyu wa tumboni naye anapiga mateke kama mtu anayegonga mlango. Daktari bado anashikilia neno lake: nisipande wala nisishuke ngazi hadi nijifungue.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu maana simu ikipigwa humu ndani wote tunaisikia, na mmoja wa hao wote ni mama yako. Simsengenyi, utaona mwenyewe mbele. Yule msafiri uliyempa mzigo anarudi huko kesho, atakupa barua hii mkononi.

Mzigo nao ulifika Jumanne. Nilipoona soksi moja ya mtoto nikajisemea, maskini wifi, maisha yamembana hadi anatuma soksi nusu jozi! Kuiminya nikahisi kitu kigumu, na ndani yake ndipo nikaikuta memori ya kompyuta, nyembamba kama kitana, meno yake ya dhahabu yamejipanga. Nililia kidogo, usinicheke. Katika ukoo wenu wewe ndiye wa kwanza kunipa kitu kisicholiwa wala kisichovaliwa. Ahsante sana.

Sasa nikueleze nilivyokaa, ili uelewe kwa nini kitana hicho kilikuwa kikubwa kwangu. Dunia yangu ni kitanda, meza ya kompyuta na dirisha. Dirishani naona wale mafundi wa makochi wakikata sponji na harufu ya gundi inanipanda mpaka puani. Ng'ambo ya barabara naona kibanda cha Fundi Miwani, yule wa kompyuta na simu. Nimeshajua nani hufungua mapema na nani hugombana na mteja gani. Kaka yako yuko safarini na lori lake, akipata mtandao hunipigia, na neno lake ni moja tu: "Msikilize mama." Kila mtu ananishika kama yai. Usiiname, usinyanyue, usiwaze. Yai nalo huchoka kushikwa, wifi.

Mama ananipenda, sikatai, angekuwa hanipendi asingeacha nyumba yake kuja kulala chini kwenye mkeka wangu. Ila upendo wake una kufuli. Aliamua nihamie kwake, kwa kuwa kule ni chini, hakuna ngazi. Nikamuuliza, nitafikaje huko chini na ngazi nimekatazwa? Kumbe alishapatana na fundi wa makochi. Wabebaji wake wawili waje Jumamosi asubuhi, waniketishe kwenye kiti, wanishushe kama kochi lililokwisha kushonwa! Begi la nguo zangu na za Chiriku akalipanga mwenyewe, akafunga zipu, akaliweka mlangoni. Tangu Jumatatu nikifungua macho kitu cha kwanza kuona ni begi.

Wewe unakijua kile chumba cha kwake, magunia yamefika darini. Kompyuta haina pa kukaa. Na kazi za kuchapa za Mama Steshenari hazingoji mtu, asubuhi anazileta, jioni anazitaka. Nikishuka sipandi tena mpaka nijifungue, nikijifungua kutakuwa na kunyonyesha, na baada ya kunyonyesha kutakuwa na jambo jingine. Kazi zetu wanawake huzijui zinavyokufa? Hakuna anayekufukuza. Zinaahirishwa tu, mpaka wewe mwenyewe unaona haya kuziuliza. Na mimi niliyeishia kidato cha pili, kazi hii ya kuchapa ndiyo mlango wangu.

Mama Steshenari naye alikuwa ameshanichoka. Wanachuo siku hizi wanajaza picha kwenye kazi zao, na mashine yangu ikiona picha ya tatu inaganda, hata kipanya hakisogei. Akaniambia, "Mama Chiriku, mikono yako naipenda, lakini hilo sanduku lako ni mzee wa kusinzia. Likiganda tena na kazi yangu ndani, nampa mwingine." Ndiyo maana nilikusumbua kuhusu memori.

Basi Jumanne ile ile, mama alipoenda sokoni, nikakaa sakafuni kwenye mto, nikafungua sanduku kwa bisibisi ya cherehani. Vumbi lake, ungelima mchicha. Fundi Miwani magoti hayamruhusu kupanda huku, basi akawa ananiongoza kwa simu. Alinitumia ujumbe kwanza: "Shemeji, una wifi hapo?" Nikamjibu: "Ninaye, yuko mbali, ndiye aliyeleta memori." Akapiga akicheka mpaka akakohoa.

Akaniambia nisiiguse ya zamani, mpya niiweke pembeni yake, kwenye mfereji mtupu. Niangalie pengo lililo kati ya meno ya memori likae sawa na kizuizi cha mfereji, kisha nibonyeze mpaka nisikie "ka". Nikaweka, nikabonyeza, nikasikia ka. Nikawasha. Skrini nyeusi tii, na mashine ikaanza kulia: piii, piii, piii, kama gari linalorudi nyuma. Nikaitoa mpya, ikawaka vizuri na kusinzia kwake kule kule. Nikairudisha, piii, piii, piii.

Mama akaingia na kapu lake wakati inalia. "Hicho kinadai nini?" Nikamwambia kinasema hakioni memori. "Kama hakioni na wewe huoni kwamba umechoka?" Chiriku akaushika wimbo, tangu siku hiyo akinyimwa kitu anasimama katikati ya chumba, piii, piii, piii.

Jumatano fundi akanishauri nisugue yale meno ya dhahabu kwa raba ya kufutia, taratibu, nipulize, nirudishe. Nikasugua. Ikalia. Alhamisi nikapuliza mfereji. Ikalia. Ijumaa akaniambia kwa sauti ya pole, labda memori yenyewe ni mbovu, ndivyo vitu vya kutumwa. Wifi, nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika. Nilikuona umesimama kwenye kaunta na miguu imevimba ili ninunuliwe kitu cha kulia piii. Usiku nikaligeuzia begi mgongo.

Leo asubuhi mama alikuwa nyuma ya pazia akimwogesha Chiriku. Nikasema nijaribu mara ya mwisho kabla wabebaji hawajafika. Nikampigia fundi. Safari hii akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Shemeji, ulisikia ka ngapi?"

"Ka moja."

"Moja? Zinatakiwa mbili! Ina kibanio huku na kibanio huku. Bonyeza upande wa pili."

"Nitaivunja, fundi."

"Kwani umekuwa ukiibonyezaje siku zote?"

Nikaangalia kidole changu, nikajua. Nilikuwa naibonyeza kama ninavyogusa utosi wa mtoto mchanga, pale pepesi panapopumua. Kitu kimetoka kwako, kimefungwa kwenye soksi, ningekikandamizaje? Ilikuwa imeingia upande mmoja, upande mwingine imeelea tu, haiko ndani haiko nje. Kama mimi humu ghorofani.

Nikaweka vidole gumba viwili. Nikafumba macho. Nikakandamiza kweli kweli, mpaka nikasikia ubao wa mashine ukinisukuma. Ka! Mama nyuma ya pazia akauliza nini kimevunjika. Nikawasha. Haikulia. Skrini ikafunguka, nikafungua kazi ya yule mwanachuo, picha ya kwanza, ya tatu, ya kumi na moja. Inateleza kama mlenda! Fundi akapiga kelele kutoka kibandani, nikamsikia kwa simu na kwa dirisha pia.

Nikiwa bado sakafuni na bisibisi mkononi, mlango ukagongwa. Wabebaji wamefika na kiti chao, wamekifunga kamba pande zote. Mama akatoka na taulo begani. "Haya mwanangu, twende kabla jua halijawa kali."

Nikasema, "Mama, sishuki."

Sikusema kwa jeuri, ila sikusema pia kwa ile sauti yangu unayoijua, ya kuomba samahani kabla sijakosa. Nikamwambia daktari amenikataza ngazi, hajanikataza kazi, na kazi yangu nimekaa chini sinyanyui chochote isipokuwa vidole. Nikamwambia ninamhitaji hapa, lakini sihitaji kubebwa. Hata mtoto wa tumboni aliacha mateke asikilize.

Mbebaji mmoja akauliza, "Mzigo ni upi?" Chiriku, mapovu mwilini, akajibu kwa niaba yetu: piii, piii, piii. Mama alitaka kukasirika, cheko likamponyoka. Akawaambia, "Leo hakuna mzigo. Kunyweni chai mwende." Kisha kwangu akasema neno moja tu: "Tutaona." Amekaa dirishani, mahali pangu, anachambua mboga na kuitazama barabara.

Kwa hiyo wifi, lile nililokuomba siku ile, kwamba uniombee kwa mama, usiliseme tena. Nimeshasema mwenyewe. Bado niko juu hapa, bado ngazi ni haramu kwangu, na ikifika jioni dari hushuka kidogo kama kawaida yake. Lakini sasa nasikia nimekaa, pande zote mbili.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kukuachia vyombo. Nisalimie mama mdogo na mapacha wake, na yule jirani uliyesema alikupa soksi, mwambie nyingine naisubiri. Chiriku anasema shangazi aje na biskuti. Mungu akulinde uendako na urudiko, na hiyo miguu aipe wepesi.

Ni mimi wifi yako, akupendaye bila kupungua,
Mama Chiriku.

Nyongeza: Nimenyanyua macho sasa hivi. Begi bado liko pale pale mlangoni. Lakini zipu iko wazi, na Chiriku amevaa sweta lake jekundu lililokuwa ndani.