Dume la Mzee wa Lingeka

Jumamosi, nimerudi Somanda

Bado naona aibu kidogo, lakini ni aibu tamu.

Tangu juzi nilikuwa sina raha. Rafiki yangu Kabula aliniagiza katuni ya baba yake akiwa na dume lake la ng'ombe analolipenda, ili ampe leo mbele ya wakwe. Nikachora kama ninavyochora siku zote: masikio makubwa kama nyungo, meno mawili yanachungulia nje. Njia nzima kwenda Lingeka nikajiuliza, je, akiona nimemdhihaki?

Mzee aliishika picha, akaisogeza karibu na macho. Wakwe wakabana vicheko.

"Mimi umenipata," akasema. "Masikio ni haya haya. Ila huyu ng'ombe ni wa nani?"

Kweli, dume nilimbuni tu, ilimradi awe na pembe. Mzee akachukua fimbo, akachora mavumbini kwa mstari mmoja bila kuinua mkono: pembe ya kushoto imeshuka hadi karibu na jicho, shingo imevimba kwa kiburi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi miaka yote hii najiita mchoraji wa kuchekesha...

Nikatoa simu niupige picha ule mchoro. Nikawa nimechelewa. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni, wakaukanyaga wote.

"Usisikitike, mwanangu," mzee akasema. "Mwenyewe anaingia."

Nikainua macho. Walikuwa zaidi ya arobaini, na sikuhitaji kuonyeshwa ni yupi.