Picha Mbili za Kutupa

Baba Nasimiyu, rafiki yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kitale. Mimi ni mzima, mama watoto ni mzima, ni kifua tu kinanisumbua kwa sababu ya baridi na hili vumbi la mbao. Nilikuwa naenda kuandika "sijui huko waendeleaje", mkono umezoea, halafu kalamu ikasimama yenyewe. Nimekaa nayo hivyo mpaka chai ikapoa. Lakini acha niulize tu, sioni dhambi. Hujambo huko? Ile miguu imeacha kuvimba? Unapumua vizuri ukilala? Mimi naamini uko mahali ambapo hayo yote yameisha, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa hilo, lakini nisipokuuliza naona kama nimekupita njiani bila salamu.

Tangu tukuzike Sirisia nimefungua karakana kila siku, natengeneza fremu za watu. Harusi, mahafali, na sana sana matanga. Kila nikikata pembe ya fremu nasikia ile sauti yako mlangoni, "Fundi, flemu yangu iko tayari?" Nami nakujibu, "Flemu sina, fremu ninayo." Miaka yote hiyo tumechekea kitu kimoja. Sasa hakuna mtu wa kuniita Fundi kwa namna ile. Wengine wananiita, ndio, lakini wanaita kazi. Wewe ulikuwa unaniita mimi.

Wacha nikueleze mambo kama yalivyokwenda, maana uliondoka kabla hayajaanza.

Kwanza, picha ya kwenye karatasi ya mazishi. Baba Nasimiyu, tulitafuta nyumba nzima. Mtu amepiga picha Bungoma mjini maisha yake yote, ameozesha watu, amebatiza watoto wa watu, amezika wazee wa watu, wote kwa kamera, na yeye mwenyewe hana picha hata moja! Zote zilikuwa za wengine. Kila kikao wewe ulikuwa upande ule wa kupiga. Mwishowe binti yako Nasimiyu akatoa kitambulisho chako, wakaikuza picha yake. Umeiona? Uso umekauka kama wa mtu aliyeitwa na chifu. Watu walipita mbele ya jeneza wakiwa nayo mkononi, na mama mmoja wa kanisa lenu akaninong'onezea, "Huyu ndiye nani?"

Lakini mimi sikuhuzunika sana siku hiyo, kwa sababu nilijua kitu. Nilijua iko moja.

Unakumbuka ile Jumapili? Nilitoka kanisani nikaja moja kwa moja mpaka Sirisia, nikakukuta umekaa kwenye kizingiti umevaa koti, kwenye jua lile. Ukaniambia, "Leo nipige wewe." Nikadhani unatania. Ukanipa ile kamera kuukuu ya ngozi iliyobanduka, ile uliyokuwa ukiita bibi mzee, ukanifundisha kama ningali mgeni. "Bana viwiko mbavuni. Shika pumzi. Ni kama maombi, Fundi, ukihangaika hayafiki." Nikapiga. Ukacheka katikati, na nikapiga tena. Ndiye wewe hasa, na lile pengo lako la jino. Nikasema niitoe filamu nikaitafutie mahali pa kuoshwa, ukakataa. "Zimebaki chache, tutamalizia nikipona. Usifungue mgongo kabla sijairudisha filamu ndani ya kasha lake."

Basi haikurudishwa. Hukupona.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi nilikuja. Mimi si wa ukoo, najua, lakini Nasimiyu alinipigia akasema, "Anko, njoo ukae nyuma yangu." Nikakaa nyuma. Unajua desturi yenu inavyokwenda kuliko mimi: watu wakishanyolewa, mali ya marehemu inatolewa nje, inafunguliwa mbele ya macho ya wote, ili kesho asije mtu akasema fulani alificha. Sanduku likafunguliwa. Makoti yakageuzwa mifuko. Hata Biblia yako ilikung'utwa. Ndugu yako Makokha ndiye aliyesimamia, na kwa haki ya Mungu sikuona ubaya kwake, alikuwa tu anaogopa maneno ya watu.

Halafu zikaletwa kamera. Zote, kwenye mkeka, kama samaki sokoni. Wanaume wakaanza kuzibonyeza, watoto wakacheka. Makokha akaokota ile ya ngozi iliyobanduka, akatafuta kifungo cha mgongo kwa kidole gumba. Nami nikasahau mimi ni nani na niko wapi. Nikasimama nikapiga kelele, "Hiyo usifungue!"

Uwanja wote ukanigeukia.

Mama mmoja akasema, "Ehe! Mgeni anajua kilichomo." Mwingine akadakia, "Si nilisema huyu hakuja kulia bure." Nasimiyu akainuka, masikini, na kichwa chake kilichonyolewa kile kinang'aa, akasema, "Baba mdogo, ni picha tu ziko ndani. Mwanga ukiingia zitaungua." Makokha akamtazama, akanitazama. "Picha gani hizo zinaogopa jua? Sisi hapa wote si tumepigwa picha juani?" Watu wakacheka. Ningekuwa sina machozi ningecheka pia.

Akafungua. Akaishika mgongo wazi, akaizungusha polepole kila upande ili wote waone, kama vile mzazi anavyoonyesha mtoto mchanga kanisani. "Mmeona? Ni utepe tu." Jua la saa saba, Baba Nasimiyu. Na wewe ulikuwa ndani. Akaifunga, akanikazia macho kama aliyeshinda kesi kwa niaba yangu. "Umeona, ndugu? Sasa hakuna wa kukusingizia." Nikamwambia asante.

Njiani kurudi Kitale nikakumbuka mafundisho yako ya mnadani, na moyo ukaniuma zaidi. Ni wewe uliyenifunza kwamba kitu unachokipenda mnadani hukiangalii. Siku ile ya kwanza, kwenye lile shamba njia ya Endebess, vitu vya nyumba vimepangwa kwenye nyasi, wenyewe wamehama. Wewe ukasimama saa nzima unapekua kinu cha nyama kilichovunjika, unakigeuza, unauliza kama kina kisu chake, mpaka wafanyabiashara wote wakaanza kukitolea macho. Wakakigombania! Nawe ukachukua lile boksi la magazeti chini ya meza bila mtu kukufuatia. Tulipofika karakana ukalifungua, na chini kabisa kulikuwa na kamera imefungwa kwa shati, na ile picha. Kubwa, nzito, karatasi ya zamani yenye mhuri mgongoni. Alama ya kiatu kwenye vumbi la mwezi.

Ukaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Ukaniambia ulipokuwa mtoto Sirisia mlisikia kwa redio ya jirani kwamba watu wametembea mwezini, na babu yako akatoka nje akautazama, akasema ni uongo, mbona hautikisiki. Ukaapa utamletea ushahidi. Alikufa hujaupata. Ndio maana ulikusanya vyote vile, picha za roketi, bahasha zenye stempu za angani, picha za dunia ikiwa bluu kama gololi. Watu walidhani umepata wazimu wa uzee. Mimi nilikuuliza watu wanatafuta nini kwenye taa ya Mungu, ukasema Mungu ndiye aliyewapa hesabu ya kufika. Nikakutengenezea fremu ya mvule, ile bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na ukawa unawaambia wateja studio, "Mguu huu bado uko. Kule hakuna upepo wa kuufuta."

Basi kwenye uwanja ule wa ukoo nilifanya kinyume cha yote uliyonifundisha. Nilionyesha naipenda ile kamera.

Watu wa ukoo walikubaliana vitu viuzwe kwa mnada hapa Kitale, kila nyumba ipate fungu lake. Nasimiyu angeweza kuomba ile kamera moja, lakini ilikuwa imeshaonekana na kuhesabiwa mbele ya watu, na baada ya ile kelele yangu ingeonekana tunashirikiana. Alichoweza ni kuiviringisha kwa leso yake nyeusi ya matanga, akaifunga fundo. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nenda mnadani, Anko. Fanya kama Baba."

Nikaenda. Nilianza kwa kuomba, nje kwenye lango. Dalali alikuwa mtu wa maneno mengi. "Kamera za mzee wa Bungoma, zimetunzwa kama wali wa sikukuu!" Zile nzuri zilienda zote pamoja kwa bwana mmoja wa hoteli. Nilimsikia akimwambia dereva wake kwamba zitapamba ukuta wa baa. Kamera za mzee ambaye hakuonja hata busaa, zitakaa zinawaangalia walevi. Nisamehe kukuambia, lakini kwa nani mwingine nitasema?

Na picha ya mguu ikaletwa. Nilikuwa nimebeba pesa zote nilizonazo, na nilijua hazitoshi vitu viwili. Mama mmoja aliichukua. Aliigeuza akagonga mbao kwa kidole, akasema, "Fremu hii ni ya maana. Hiyo karatasi nitatoa niweke ya harusi ya binti yangu." Fremu yangu mwenyewe, Baba Nasimiyu. Kama ningeitengeneza vibaya huenda ungebaki na mwezi wako.

Ile bibi mzee walikuwa wameitupa kwenye katoni moja na tochi mbovu na pasi ya makaa, bado imo ndani ya leso. Sikuitazama. Nikashika ile pasi, nikaifungua na kuifunga, nikauliza kama mfuniko wake ni wa asili. Jamaa mmoja pembeni akanisukuma kwa kiwiko, "Mzee, kwani kwenu hakuna stima?" Nikacheka naye. Nikasema mama watoto anaipenda ya makaa. Akaanza na yeye kuitaka, akapandisha bei! Ilifika mahali pa kuniumiza, lakini akachoka kabla yangu, na nyundo ikagonga. Nikaibeba ile katoni mpaka karakana, nikafunga mlango, nikaishika ile leso kwapani muda mrefu bila kuifungua. Ulikuwa umenisaidia, najua.

Filamu ilirudishwa gizani kama ulivyosema, nikiwa chini ya blanketi mbili, na Nasimiyu akaipeleka Nairobi kwa watu ambao bado wanaosha. Tulingoja. Nilifunga Ijumaa, na Ijumaa nyingine. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, uso wako. Sikuomba hata kifua changu.

Zimekuja juzi. Nasimiyu alizileta mwenyewe kutoka Bungoma, akaziweka kifudifudi juu ya meza ya randa. Nikajua.

Zile zangu mbili ni karatasi nyeupe. Nyeupe tupu, hakuna kizingiti, hakuna koti. Nilizigeuza kwa dirisha huku na huku kama mtu mjinga. Zile mbili zilikuwa juu kabisa kwenye filamu iliyojikunja, na zote za juu jua limekula. Katikati kuna moja yenye ukungu, nadhani ni kuku wa Nasimiyu. Kadiri zinavyoingia ndani ndivyo ukungu unavyopungua. Na moja ya zile za ndani kabisa, ulizoanza nazo, imetoka safi.

Unakumbuka ukiweka filamu mpya ulikuwa unapiga mbili za bure, kamera ikiangalia chini, ili upite pale palipoona mwanga? "Picha za kutupa," ulikuwa unasema, na hukuwa hata ukizitazama. Ya kwanza imeungua nusu. Ya pili ni ardhi ya uwanja wako, baada ya mvua. Ncha ya kiatu chako cha mvua, gambuti la kushoto, inaonekana pembeni. Na mbele yake kuna alama ya gambuti, ulikokuwa umekanyaga, mistari yote ya soli imejipanga, kila mmoja na kivuli chake.

Nasimiyu aliiangalia, akaweka mkono mdomoni. Tulikaa mpaka akapigiwa simu na mume wake.

Uso wako sina, rafiki yangu. Wajukuu watakuja kukujua kwa ile ya kitambulisho, na mimi nitawaambia hakuwa hivyo, na hawataniamini, kama babu yako. Nimemuuliza Mungu kwa nini, na bado namuuliza, kwa heshima. Lakini nimetafuta kipande cha mvule kilichobaki kutoka kwenye ile fremu yako. Nilikuwa nimekiweka bila sababu. Nakiranda polepole, kiwe fremu ya mguu wako. Nakuahidi nitakileta Sirisia mimi mwenyewe, nitakitundika ndani ya nyumba, juu ya mlango ule, ulipokaa Jumapili ile, na nitamwita Makokha ashike upande mmoja wa ngazi. Sitamwambia neno la lawama. Nitamwambia tu ni mguu wa ndugu yake, autazame vizuri.

Lala salama, Baba Nasimiyu. Nasikia baridi ya huko haina vumbi. Wasalimie wa kwetu waliotangulia, na babu yako mwambie bado unamtafutia ushahidi.

Tafadhali nijibu mapema. Hata kwa ndoto, hata neno moja, nitalielewa. Nangoja.

Ni mimi wako,
Njuguna, Fundi wa Flemu