Pasi Iliyomaliza Umeme wa Wazee

Ndosho, tarehe 6 Oktoba

Mwanangu Élodie,

Huku kwenye nyumba ya wazee tunaishi vizuri, na paneli za jua zinatupa umeme. Ila jana, Jumapili, kulikuwa na mawingu, nami nikapiga shati pasi ili nikamuombe Mama Umutesi, jirani yangu wa chumba cha pili, tuoane. Saa tisa na dakika kumi betri iliisha, na mashine yake ya oksijeni ikazimika. Muuguzi alikimbia na chupa ya akiba. Mimi nilisimama mlangoni nimevaa shati lile.

Alipopata pumzi, Mama Umutesi alinitazama.

“Muzee Paulin, shati hilo umelinyoosha kwa maziko yangu?”

“Hapana, mama. Kwa ndoa yetu.”

Alicheka mpaka muuguzi akamkemea. Hajakubali bado. Anataka kwanza akuone wewe, ajue kama ukoo wetu una mutu mwenye akili.

Njoo upesi.

Baba yako,
Paulin