Mwandishi Wetu Aliyeko Kiwanja

Goma, Majengo, tarehe 4 mwezi wa tano 2024

Shemeji Célestin,

Barua hii inatoka kwa mutu mukubwa. Radio tatu za Goma zinanigombania nirudi kwenye micro, na moja imeshatuma motokari kunichukua nyumbani.

Sawa, ni uongo. Ni radio moja, ile ndogo ya parokia, na ni mimi nilienda kuomba, tena kwa miguu, na binti wa pale aliniuliza kama nimeleta tangazo la kifo. Nitakueleza. Kwanza salamu. Dada yangu Henriette anaendeleaje na magoti? Na tumbo lako, bado linakutangulia mulangoni? Mimi niko muzima, kikohozi kinanitembelea asubuhi tu, kinaenda zake.

Nilisikiliza ile audio yako kwenye kikundi cha wanahabari wa zamani. Dakika kumi na moja. Unasema vijana wa leo wanaandika vita wakiwa wamekaa kwenye kiti, hawaendi, hawaulizi, na wakikosa hawaombi musamaha. Nilipiga makofi peke yangu. Kesho yake nikaenda soko kununua maharage, nikawa nabishana na mama mumoja juu ya kipimo chake, akaacha kupima.

"Papa, hebu sema tena."

Nikasema tena.

"Ni wewe ulitangaza muji wa Kiwanja umetulia."

Shemeji, nilifurahi. Miaka yote hii mutu anakumbuka sauti yangu. Nikamujibu, ndiyo mama, ni mimi mwenyewe. Hakucheka.

Anaitwa Uwimbabazi. Mwaka ule wa vita walikuwa wamekimbilia kambini, yeye na wazazi wake. Baba yake, Gisubizo, alisikia habari zetu za saa sita, akakunja mukeka, akachukua kijana wake mukubwa, wakarudi kwao Kiwanja. Vita ilikuwa bado mule. Hawakuonekana tena. Tangu siku hiyo ukoo unasema Gisubizo aliua mutoto wake kwa tamaa ya maharage aliyoacha shambani. Wanasema radio haikusema vile, ni yeye alisikia yale aliyotaka. Hakuna misa yake, hakuna mutoto anayepewa jina lake. Sasa binti wa Uwimbabazi amezaa mutoto mwanaume, ameomba jina la babu yake, na wazee wa ukoo wamekataa.

Uwimbabazi haombi kitu kingine: tuseme kwenye radio kwamba baba yake alisikia kweli yale aliyosikia. Ndiyo maana nilienda kuomba kule parokia.

Wewe uliandika habari ile kwa Kifaransa, mimi nikaigeuza Kiswahili na kuisoma. Niandikie unachokumbuka.

Ni mimi, shemeji yako mwenye mudomo,
Achille


Kampala, 19 Mei 2024

Shemeji Achille,

Barua yako imenifikia kwa mukono wa dereva wa basi. Henriette anakusalimia sana. Magoti yanamusumbua, lakini ngazi anapanda. Mimi ni presha, leo juu, kesho chini. Tunamushukuru Mungu.

Nakumbuka vizuri. Niliandika "accalmie". Maana yake ni mapumziko mafupi, kama mvua inayokatika kidogo kabla ya kuanza tena. Wewe ukasoma: "Amani imerudi Kiwanja, kila mutu arudi kwake." Nilikuwa nyuma ya kioo cha studio, nilisikia kwa masikio yangu. Kwa hiyo kosa liko kwenye tafsiri, haliko kwenye maandishi.

Umupe huyo mama pole zangu. Lakini mwezi wa nane nitaongoza mukutano wa wanahabari hapa, juu ya ukweli na uwajibikaji, na sioni faida ya kufukua mambo haya sasa.

Shemeji yako,
Célestin


Goma, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Shemeji,

Hiyo presha, punguza chumvi, na umwambie Henriette afiche kopo. Huku tunaishi.

Una haki. Shule niliiacha mwaka wa ine wa primaire, na neno lako sikulijua. Ndani yake nilisikia "calme", yaani utulivu, nikafikiri ni calme iliyonenepa. Kukuuliza niliona haya, kwa sababu wewe ulikuwa na diplome, mimi nilikuwa na sauti tu. Na yale ya "kila mutu arudi kwake" niliyaongeza mwenyewe. Yalikuwa matamu mudomoni. Nimemwambia Uwimbabazi hivyo, uso kwa uso. Akapima maharage yangu, akanipa. Afadhali angenitukana.

Lakini niliporudi juma lililofuata nilimuuliza: "Mama, baba yako alisadiki neno gani hasa?"

Akaniambia siyo amani. Amani ilitangazwa kila juma, kambini walikuwa wanaicheka. Baba yake alisadiki mwanzo wa habari: "Kutoka kwa mwandishi wetu aliyeko Kiwanja." Alisema, kama mutu wao amekaa pale na anaandika, basi pale mutu anaweza kukaa.

Mwandishi wetu aliyeko Kiwanja ni wewe, Célestin. Asubuhi ile alikuwa Himbi, hapa hapa Goma, pamoja na mimi, anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga, anafuta vidole kwenye karatasi aliyopewa na mukubwa mumoja wa jeshi. Kutoka karatasi ile ndipo aliandika. Hapo hapakuwa na tafsiri. Maneno hayo niliyasoma vile vile ulivyoyaandika.

Na nyuma ya kioo ulisikia nikikosea, hukugonga.

Nasema bila chuki. Audio yako ilikuwa nzuri, niliisikiliza mara ya pili. Ila safari hii makofi yalikataa.

Achille


Kampala, 7 Julai 2024

Achille,

Sina nguvu ya salamu leo, unisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Hatukuwa na mutu Kiwanja. Maneno yale tuliyaweka kila siku ili habari iwe na miguu. Uliposoma kwamba warudi, niliinua mukono nigonge kioo. Halafu nikafikiri: nikisahihisha, mukubwa wa radio atasema tumupigie mwandishi wetu wa kule. Tungemupigia nani? Nikashusha mukono.

Huu mukono ninaoandikia.

Sema yote kwenye radio yako. Jina langu tu, uliache. Sema "mwenzangu mumoja". Wajukuu wangu wananijua kama mutu wa ukweli, na sina kitu kingine cha kuwaachia.

Célestin


Goma, tarehe 15 mwezi wa saba 2024

Shemeji wangu,

Natumaini unakula. Henriette aliniambia kwa telefone kwamba umejitoa kwenye kikundi na sahani unairudisha nusu. Nilicheka kidogo, halafu sikucheka tena.

Yule binti wa radio anaitwa Deborah. Alinikataa mara mbili. "Muzee, nimekusikia, lakini nani mwingine anajua?" Akaenda mwenyewe kwa Uwimbabazi. Akatafuta majirani wawili waliokuwa kambini, akauliza kila mumoja peke yake. Akaniita, akanihoji upya kama mwizi wa mbuzi. Siku kumi na moja za kazi, kwa dakika tano za hewani. Nilitaka kumupa ile audio yako juu ya vijana, nikaona haya kwa niaba yetu wawili.

Nimepewa Jumapili, tarehe 21, saa sita ya muchana, baada ya matangazo ya vifo. Niliandika "mwenzangu mumoja" kama ulivyoomba. Nikasoma kwa sauti. Shemeji, nilimutambua. Ni yule yule mwandishi wetu, mutu asiye na jina anayeona kila kitu. Nikimuacha hivyo, nitakuwa nimemutuma Kiwanja mara ya pili.

Kwa hiyo nitasema: mimi Achille, niliyegeuza vibaya na kuongeza ya kwangu, na Célestin Twagirimana, aliyeandika kwamba tuko pale, na hatukuwa pale. Jina langu litatangulia. Ukinichukia nitaelewa, na Henriette masikini atajua namna ya kutugawa.

Sijui kama wazee wa ule ukoo watasikiliza. Hata wakisikiliza, Gisubizo na kijana wake hawatatoka mahali walipo. Tunaleta kitu kidogo, tena tumechelewa nacho.

Sasa nakuomba. Henriette alipojifungua mutoto wenu wa kwanza, nilisoma habari za zamu yako pia siku tatu, koo limejaa vidonda, na uliniambia: "Achille, siku moja utaniomba, sitakataa." Sikuwahi kuomba. Radio hii inasikika kwenye telefone, dada yangu anajua mahali pa kubonyeza. Kwenu itakuwa saa saba. Kaa karibu naye, na jina lako likifika, usizime.

Shemeji yako,
Achille